Mlinzi wa Mji na Suala la Ushahidi: Fantasia ya Mji Mdogo Ikipimwa kwa Marabo

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kujadili aina moja ya bunilizi ambayo msuko wake ni rahisi kuueleza: mji mdogo wa kawaida, wenye soko, shule, zahanati na kituo cha magari, unavamiwa na nguvu zisizo za kibinadamu, na watu wachache wanajitwika jukumu la kuulinda. Tutaiita fantasia ya mjini, kwa maana kwamba maajabu yake hayatokei katika nchi ya mbali ya ngano bali katika mitaa ambayo msomaji angeweza kuipita akienda dukani. Katika nchi za Magharibi aina hii imekwisha kuwa na historia ndefu na wasomaji wengi. Katika Kiswahili haijajitenga kama utanzu wenye jina lake, lakini vipengele vyake vimo katika tamthilia, katika riwaya, na hasa katika masimulizi ya mdomo ambayo watu huyasadiki usiku na kuyacheka mchana.

Hoja yetu ni moja. Wahakiki na waandishi huelekea kudhani kwamba kiini cha fantasia ya namna hii ni pambano baina ya mlinzi na adui. Sisi tunashikilia kwamba kiini chake ni ushahidi: mlinzi amejuaje kwamba huyu ndiye adui? Kazi inayolikwepa swali hili inaweza kusisimua, lakini haiwezi kuaminiwa. Hali kadhalika, katika jamii ambamo tuhuma ya ulozi huweza kumgharimu mtu maisha yake, swali hili si la ujumi peke yake. Ni swali la uadilifu wa sanaa yenyewe.

Ili hoja isibaki hewani, tutazipima kazi chache kwa mji halisi. Marabo ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Bunia kuelekea Komanda, katika teritori ya Irumu, jimbo la Ituri, Kongo ya mashariki. Hatuuchagui kwa kuwa ndio mandhari ya kazi itakayojadiliwa hapa. Tunauchagua kama kipimo: mji wa aina hii, wenye watu wanaosema Kiswahili na waliokwisha kuona vitisho vya kweli, ndio unaostahili kutuambia ni ulinzi gani wa kifasihi unaofaa kuitwa ulinzi.

2.0 Mwili Unaojishitaki

Tuanze na namna utanzu huu ulivyojengwa mahali ulipokomaa. Katika riwaya ya Stephen King iitwayo 'Salem's Lot (1975), mji mdogo wa jimbo la Maine nchini Marekani unaingiliwa na mnyonyadamu. Mwandishi wa vitabu, mwalimu, daktari, kasisi na mtoto wa shule wanaungana kuukabili. Katika mfululizo wa televisheni wa Buffy the Vampire Slayer (1997–2003), msichana wa sekondari anaulinda mji wa Sunnydale, uliojengwa juu ya mlango wa kuzimu. Kazi zote mbili zinarithi kanuni zilizoenezwa na Dracula ya Bram Stoker (1897).

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba adui wa kazi hizi ana mwili unaojishitaki wenyewe. Hana taswira katika kioo. Huungua aguswapo na msalaba. Hawezi kuingia nyumbani asipokaribishwa. Na katika Buffy, achomwapo kigingi cha moyo hugeuka vumbi papo hapo. Vumbi hilo lina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Linaondoa maiti, na kwa hiyo linaondoa mazishi, wajane, yatima na polisi. Zaidi ya hayo, linathibitisha hukumu baada ya hukumu kutekelezwa: kama amegeuka vumbi, basi kweli alikuwa mnyonyadamu. Mlinzi hakosei, kwa sababu ulimwengu wenyewe umetungwa ili umpe cheti cha usahihi.

Waandishi wa kazi hizi si watu wasiojua bei ya ulinzi. Mwishoni mwa 'Salem's Lot walinzi waliosalia wanarudi kuwasha moto ili mji uteketee. Na katika tamati ya Buffy mji mzima wa Sunnydale unadidimia na kubaki shimo. Katika kazi zote mbili mlinzi anasalia na mji unapotea. Hilo ni fundisho zito, nalo limetolewa kwa ujasiri. Hata hivyo, ni fundisho kuhusu gharama. Si fundisho kuhusu makosa. Mji umeangamia, lakini hakuna anayeuliza kama aliyeuawa jana usiku alikuwa jirani asiye na hatia.

3.0 Marabo kama Kipimo

Sasa tuuhamishe msuko huu Marabo, tuone utasimama wapi. Tuseme mwandishi anaanza hivi: katika mtaa mmoja watoto watatu wamefariki kwa homa ndani ya wiki mbili. Watu wanakutana jioni. Mmoja anasema ni malaria, kwa kuwa mvua zimekuwa nyingi. Mwingine anakumbusha kwamba mama mzee anayeishi peke yake karibu na mto aligombana na familia mbili kati ya hizo tatu. Hapa ndipo riwaya ya Kimagharibi ingempa mhusika kioo au msalaba ili amtambue adui. Marabo hakuna kioo cha namna hiyo. Kuna maneno tu, na anayeyasema, na anayeyasikia.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini haukutoka mbali. Ituri ni nchi ambayo magonjwa yake yameshindana na maelezo yake. Tauni imedumu katika nyanda zake za juu kwa muda mrefu, na mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 uliokumba Kivu Kaskazini na Ituri ulifika Komanda na Bunia. Ugonjwa unaoua watu wa nyumba moja mmoja baada ya mwingine, ukiwapita wa nyumba ya pili, unadai maelezo. E. E. Evans-Pritchard, katika utafiti wake juu ya Wazande uliochapishwa mwaka 1937, alionyesha kwamba imani ya ulozi haikatai sababu za kawaida. Mzande anajua kwamba ghala liliporomoka kwa sababu mchwa walizila nguzo zake. Anachouliza ni kwa nini liliporomoka saa ile ile ambapo fulani alikuwa ameketi chini yake. Fantasia huzaliwa katika pengo hilo, kati ya "vipi" na "kwa nini yeye". Lakini Evans-Pritchard alieleza pia kwamba Wazande walikuwa na utaratibu: kuku alipewa sumu ya benge, kisha kuku wa pili alitumiwa kuhakiki jibu la wa kwanza. Tusikubali wala kukataa uwezo wa benge. Tuone tu kwamba jamii hiyo ilitambua kuwa tuhuma moja haitoshi. Riwaya nyingi za kisasa hazina hata kuku wa pili.

Utaratibu unapokosekana, matokeo yanajulikana. Katikati ya mwaka 2001, katika teritori ya Aru kaskazini mwa Ituri, eneo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya majeshi ya Uganda, mamia ya watu waliotuhumiwa ulozi waliuawa na watu wa vijiji vyao wenyewe. Wauaji hawakujiona kuwa wauaji. Walijiona walinzi. Kila mmoja wao angeweza kuwa mhusika mkuu wa fantasia ya mjini: kijana wa kawaida anayegundua kwamba mahali pake pamevamiwa na nguvu za giza, akachukua silaha pale wakubwa waliposhindwa kuchukua hatua. Huu ndio uzito wa mada yetu. Msuko unaouzwa mahali pengine kama burudani, Ituri umekwisha kuigizwa kwa mapanga.

Aidha, hatuna budi kukumbuka kwamba misitu ya eneo hili iliwahi kutungiwa fantasia na watu wengine. Habari za anioto, watu-chui waliodaiwa kuua kwa makucha ya chuma wakiwa wamevaa ngozi, zilienea sana wakati wa ukoloni wa Kibelgiji. Mtu wa namna hiyo amechongewa sanamu katika jumba la makumbusho la Tervuren, naye anatokea pia katika katuni ya Hergé iitwayo Tintin au Congo, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1930. Mauaji yalikuwapo, na dola ya kikoloni iliwanyonga watu kwa ajili yake. Lakini hadithi iliyojengwa juu ya mauaji hayo ilikuwa na kazi nyingine: ilimfanya mkoloni kuwa mlinzi. Palipo na mtu-chui lazima pawe na mwindaji. Hivyo suala la nani ana haki ya kujiita mlinzi wa mji si geni katika nchi hii.

4.0 Majibu Matatu ya Fasihi ya Kiswahili

4.1 Mpelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale

Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya hadithi hiyo kushinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau. Kisa chake kinajulikana na wanafunzi wengi: mwenye shamba anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, na watu wa mahali hapo wana sababu zote za kudhani kwamba mizimu imelipiza kisasi. Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, anaitwa, naye anauliza maswali yale ambayo hofu ilikuwa imeyazuia kuulizwa. Mwishowe nyuma ya mzimu panaonekana binadamu wenye tamaa na siri zao.

Kwa kipimo chetu, hii ni hatua kubwa. Abdulla anaweka ushahidi katikati ya kazi. Hakuna anayehukumiwa kwa kuwa anaogopwa. Anahukumiwa kwa alichokitenda. Hata hivyo, jibu lake lina kasoro mbili. Kwanza, linaiokoa jamii kwa kuwaondoa mizimu katika hadithi, na hivyo fantasia inayeyuka kabla haijajaribiwa. Pili, maarifa yote yamewekwa kichwani mwa bwana mmoja msomi, ilhali watu wa kawaida wamebaki na hofu tu. Marabo haina Bwana Msa. Mji ukiwa hauna mpelelezi wa kuitwa, utaratibu wa kuuliza hauna budi kutoka miongoni mwa wale wale wanaoogopa, na Abdulla hakutuonyesha jinsi hilo linavyowezekana.

4.2 Mganga: Kinjeketile

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), si fantasia ya mjini kwa maana finyu. Inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na adui yake, Mjerumani, ni wa kihistoria. Lakini inahusu kinga isiyo ya kawaida inayopewa jamii inayotishwa, na kwa hiyo inaingia katika mjadala wetu kwa mlango wa mbele.

Uzito wa tamthilia hii ni kwamba shaka imewekwa ndani ya mlinzi mwenyewe. Kinjeketile anapandwa na Hongo na kutoka mtoni na maji ya kinga. Lakini ujumbe huo huo unasema kwamba Mjerumani akiondoka watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kitunda, mtu wa mbinu za kivita, anastuka: ukombozi gani huo wa kubadilisha bwana? Kinjeketile naye anaanza kuliogopa neno alilolitoa, kwa kuwa limekwisha kumzidi nguvu. Watu hawataki tena kusubiri wala kufunzwa, wanataka maji. Na mwishowe, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu anajua tamko hilo litatumiwaje dhidi ya vizazi vijavyo.

Msomaji wa Ituri hasomi haya kama historia ya mbali. Neno maji, kwa matamshi ya Kiswahili cha Kongo "mayi", limetoa jina la makundi ya Mai-Mai. Wapiganaji wa Simba wa mwaka 1964 nao walikuwa na dawa ya kujikinga na risasi pamoja na miiko yake mingi. Katika kesi ya Germain Katanga mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyohusu shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003 na kufikia hukumu mwaka 2014, suala la waganga na hirizi za wapiganaji lilijitokeza katika ushahidi. Kabla ya hapo, Septemba 2002, Nyankunde, mji usio mbali na Marabo, ulishuhudia mauaji makubwa ambamo hata wagonjwa wa hospitali hawakuachwa. Kinga imekuwapo kwa wingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kama Kitunda, kinga hiyo inamlinda nani na inamfungua nani mkono.

Kwa maoni yetu Kinjeketile ndiyo kazi ya Kiswahili iliyolifikia swali la fantasia ya ulinzi kwa undani kuliko nyingine tulizozichunguza hapa. Hussein haifuti nguvu ya Hongo, na wala hamdhihaki anayeiamini. Anaacha ajabu libaki ajabu, kisha anadai lijibu maswali. Kinachopungua ni sura ya mji wenyewe. Watu katika tamthilia hii wanatenda kama makabila na majeshi. Hatuwaoni sana wakiwa majirani, na tuhuma ya jirani kwa jirani ndiyo sumu ya mji mdogo.

4.3 Mzuka: Babu Alipofufuka

Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anageuza mwelekeo wa tishio. Mzuka wa babu unamtokea K, kigogo mwenye mamlaka na mali, na kumzungusha akaone uoza ambao yeye na wenzake wameuzaa. Hapa nguvu isiyo ya kawaida haiji kuivamia jamii bali kuitetea. Anayetishwa ni yule aliyezoea kutisha.

Mgeuko huu una thamani ya pekee. Wanaotuhumiwa ulozi kwa kawaida ni wanyonge: mjane, mzee asiye na watoto, mgeni, mtoto yatima. Katika Usukuma, hasa tangu miaka ya 1970, wanawake wakongwe waliuawa, baadhi yao kwa sababu ya wekundu wa macho tu, wekundu ambao moshi wa kuni peke yake ungetosha kuueleza. Said Ahmed Mohamed anakielekeza kidole upande mwingine, kwa mwenye nguvu. Lakini tukiwa wakweli wa uhakiki wetu, lazima tuseme kwamba mzuka wake ana sifa ile ile tuliyoikuta kwa vumbi la Sunnydale: hakosei. Anajua yote, na K ana hatia yote. Tunaridhika kwa sababu mtuhumiwa anastahili, si kwa sababu ushahidi umepimwa. Siku kidole hicho kitakapomwelekea asiyestahili, msomaji hatakuwa amefundishwa kukizuia.

5.0 Simulizi la Popobawa na Mkesha wa Mji

Kazi tatu tulizozitaja ni za maandishi. Lakini fantasia ya mjini iliyokamilika kuliko zote katika Kiswahili haikuandikwa na mtu mmoja. Mwaka 1995, kuanzia Pemba wakati wa Ramadhani na kuenea hadi Unguja na hata Dar es Salaam, watu walisimulia habari za Popobawa, kiumbe aliyewaingilia watu usiku wakiwa vitandani. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na wahakiki wa siasa wamelizungumzia hilo kwa urefu. Sisi tunavutiwa na fani ya simulizi lenyewe.

Kwanza, ilisemwa kwamba Popobawa humtaka aliyeshambuliwa awasimulie wengine, la sivyo atarudi. Hapa simulizi limejiundia namna ya kuenea: kusimulia ni kinga, na kinga ya mmoja ni hofu ya wa pili. Ni vigumu kupata msuko wa riwaya uliobuniwa kwa ustadi kuliko huu. Pili, watu walijilinda kwa kutoka nje. Familia zililala uani au barazani, kwa makundi, mbele ya moto, wakikesha pamoja. Mkesha huu ni ulinzi usiohitaji mtuhumiwa. Hauulizi ni nani miongoni mwetu. Unasema sote tukae pamoja hadi kuche. Kwa muda mfupi mji ulipata umbo la ulinzi ambalo Buffy hakuwahi kulijua, kwa kuwa yeye huzunguka makaburini na mji umelala.

Hata hivyo mkesha haukutosha. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, aliyedhaniwa kuwa ndiye Popobawa, aliuawa na umati. Kiumbe asiye na mwili alipewa mwili, na mwili uliopatikana ulikuwa wa yule asiyeweza kujieleza. Hapakuwa na vumbi; palikuwa na maiti. Mwandishi yeyote anayetaka kuutungia mji mdogo wa Kiswahili fantasia ya ulinzi angefanya vema kuutazama usiku ule kwa makini, kwa kuwa una mambo yote mawili: moto uliowakutanisha watu, na hatua chache kutoka kwenye moto huo hadi kuua.

6.0 Balozi na Balozi

Lugha yenyewe inatupa muhtasari wa tatizo hili. Katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki kiambishi cha wingi wa watu ni ba-: mutu, batu, mutoto, batoto. Kwa hiyo mlozi ni mulozi, na walozi ni balozi. Msemaji wa Dar es Salaam akilisikia neno hili anamfikiria mjumbe wa nchi ya nje, au yule kiongozi wa karibu zaidi, balozi wa nyumba kumi, ambaye tangu miaka ya 1960 aliwekwa awe jicho na sikio la ujirani. Neno moja, kwa matamshi yale yale, upande mmoja wa Ziwa ni mlinzi wa mtaa, na upande wa pili ni wale ambao mtaa unalindwa dhidi yao.

Tunajua kwamba hii ni sadfa ya mofolojia, wala hatudai kuwa asili ya maneno hayo ni moja. Lakini sadfa huweza kuwa mali ya mwandishi. Riwaya iliyowekwa Marabo, ikimleta mgeni kutoka Tanzania akitafuta nyumba ya balozi, ingeweza kuanzia kwenye kicheko na kuishia kwenye mauti bila ya kubadilisha neno. Hali kadhalika neno mganga: pwani humfikiria mtu wa mitishamba na ramli, ilhali Kongo munganga ni daktari wa hospitali. Wahusika wawili wakikubaliana kwamba mtoto apelekwe kwa munganga, kila mmoja anaweza kuwa amekubaliana na jambo lake. Mhariri atakayezisanifisha tofauti hizi ili kitabu kisomeke kirahisi atakuwa ameung'oa moyo wa kazi. Ndiyo sababu tunashauri kwamba mazungumzo ya kazi ya namna hii yaachwe katika Kiswahili cha mahali pake, na usimulizi, ukipenda, uwe sanifu.

7.0 Pingamizi Mbili

Yapo mapingamizi mawili ambayo msomaji makini anaweza kuyatoa. La kwanza ni kwamba tunaitwisha fantasia mzigo wa mahakama. Fantasia, itasemwa, ni uhuru wa kubuni. Mwenye kutaka ushahidi akasome gazeti. Tunajibu kwamba hatudai kiumbe wa ajabu athibitishwe kisayansi. Tunachodai ni uthabiti wa ulimwengu uliobuniwa. Mwandishi akisema kwamba walozi wapo katika hadithi yake, na kwamba hawatambulikani kwa macho, basi wahusika wake hawana budi kukosea mara kwa mara, na makosa hayo yawe na uzito. Kuwafanya wapatie kila mara si uhuru. Ni uvivu wa msuko.

Pingamizi la pili linatoka upande ulio kinyume. Kwa kuwa watu wameuawa, itasemwa, ni heri waandishi wasiguse mambo ya ulozi kabisa. Tunauheshimu wasiwasi huu lakini hatuukubali. Simulizi za ulozi hazimsubiri mwandishi. Zinasimuliwa sokoni, misibani, katika mahubiri na katika filamu za bei nafuu zinazotazamwa vibandani, na nyingi za filamu hizo hutatua kila jambo kwa mchawi kukiri hadharani. Kukiri huko ndiko vumbi letu la Kiafrika: mtuhumiwa anayekiri anampa mlinzi cheti. Mwandishi akinyamaza, uwanja unabaki kwa wale wasiotaka kuuliza. Kinachotakiwa ni kazi ambayo mama mzee wa karibu na mto anapewa nafasi ya kusema, na maneno yake yanakuwa na nguvu ya kuwatia watu shaka, iwe ni mlozi au si mlozi.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba fantasia ya mji mdogo, kama ilivyokomaa Magharibi, humpa mlinzi uhakika ambao maisha hayampi. Kwamba Muhammed Said Abdulla aliutafuta uhakika huo kwa upelelezi na kuwaondoa mizimu. Kwamba Ebrahim Hussein aliuacha uhakika uvunjike ndani ya mlinzi mwenyewe. Na kwamba Said Ahmed Mohamed aligeuza upande wa tuhuma bila ya kupunguza uhakika wake. Tumeonyesha pia kwamba simulizi la Popobawa lilitupa mfano wa ulinzi usio na mtuhumiwa, yaani mkesha, na wakati huo huo likatuonyesha jinsi mkesha unavyoweza kugeuka msako.

Kazi inayosubiriwa, kwa maoni yetu, ni ile itakayouchukua mkesha wa Popobawa na shaka ya Kinjeketile na kuviweka katika mji mdogo wenye barabara, soko na kumbukumbu ya vita. Walinzi wake watakuwa watu wa ujirani, si mabingwa. Watakuwa na kuku wa pili, kwa maana kwamba hawatakubali jibu la kwanza. Na pale watakapokosea, hadithi haitasonga mbele kabla ya kuyazika matokeo ya kosa lao, kwa jina la marehemu na kwa kilio cha waliobaki. Wanafunzi wa Kiswahili wa Bunia na Kisangani, ambao lugha hii ni mojawapo ya lugha nne za taifa lao na ndiyo ya masoko na barabara zao, wana nafasi nzuri ya kuiandika kuliko sisi tunaohakiki. Wanaujua usiku huo. Wanajua pia kwamba asubuhi yake mji utaamka, na mtu mmoja atakuwa hayupo, na lazima mtu aulize kwa nini.